Mwanafunzi wa Karatasi

Nilikuwa karani wa kikao. Kazi yangu kusikia,
na kuandika nusu ya nilichosikia.
Julai, Punta Arenas, saa tatu asubuhi na nje bado usiku,
upepo ukigonga madirisha kama mdai.

Mezani kurasa mia mbili na kumi na nne:
Shahada ya Kwanza ya Sayansi ya Barafuto,
mihula minane, krediti mia mbili na arobaini,
na Tume ya Ithibati yaja Septemba
na miwani yake.

Kila mwalimu alikuja na kozi yake kwapani
kama mtu aliyepeleka jogoo sokoni,
si wa kuuzwa, wa kuonyeshwa tu.
Watu wa takwimu walitaka mihula mitatu.
Mmoja alitaka maadili, akapewa Ijumaa mchana.
Vukasovic akaweka mezani kozi yake ya makaa ya mawe,
ya miaka thelathini na moja,
akaifunika kwa kiganja.

"Hii ni shahada," akauliza Ofelia Huenchur, msajili,
"au kabati la nguo za marehemu?"
(Hilo sikuliandika.)

Akachukua penseli, akachora mtu mdogo pembeni mwa jedwali:
kichwa, mkoba, miguu miwili.
"Huyu ni Fulani. Katoka Porvenir,
baba yake hukata manyoya ya kondoo,
hisabati alipata wastani. Haya, mpitisheni."

Tukampitisha. Muhula wa kwanza, salama.
Wa pili alipiga chafya, akapita.
Wa tatu, Barafu ya Pili ikamwambia: rudi na Takwimu ya Tatu.
Takwimu ya Tatu ikamwambia: rudi na data za uwandani.
Uwandani wakamwambia: hukanyagi barafuto bila Barafu ya Pili.
Fulani akaketi ngazini, mkoba mapajani.

Kimya. Mtu alikoroga chai isiyo na sukari.
Miaka miwili tumeandika matokeo ya ujifunzaji,
ataweza kuchambua, ataweza kutathmini,
tusione kwamba mlangoni hapiti.
Na kila kozi ilikuwa nzuri. Ndiyo iliyokuwa shida.
Hata tanuri lina matofali mazuri,
wala hakuna anayelala humo.

Safari ya uwandani tukaitoa Juni tukaipeleka Novemba
(nani alipanga kupima barafu gizani?).
Takwimu wakaachia muhula mmoja, kwa kinyongo.
Zikabaki krediti sita za ziada. Sita.
Hakuna aliyemtazama Vukasovic,
na kwa namna hiyo sote tulimtazama.

Akaondoa kiganja.
"Babu yangu alichimba makaa. Mimi nimeyafundisha.
Sasa ndiyo yanayoyeyusha
kile mtoto huyu anakuja kupima.
Uachwe mhadhara mmoja. Wiki ya pili.
Nitautoa mwenyewe."

Kumbukumbu zinasema:
*Kozi ya Makaa iliunganishwa na Utangulizi. Hakuna pingamizi.*

Seneti ilipitisha, kura kumi na moja kwa mbili.
Tume ilipofika, Huenchur aliwapa jedwali
akiwa amesahau kumfuta yule mtu mdogo.
Mkaguzi mmoja, mama wa Concepción, akamwekea kidole kichwani.
"Na huyu akifeli?"
Tukatazamana. Fulani hakuwahi kufeli.
Usiku ule tuliandika ukurasa wa mia mbili na kumi na tano.

Machi, asubuhi ya kwanza,
msichana wa viatu vilivyolowa alisimama mbele ya meza yangu,
ratiba mkononi. Kila kitu kilikuwamo:
lengo, sharti, krediti, uzito wa kila mtihani.
"Samahani," akasema, "ni chumba kipi?"
Nikavaa miwani, nikasoma.
*Chumba: kitatangazwa.*